Superman wa shilingi 300

SWALI: Mtaalamu, salamu. Mwezi uliopita nilinunua kitabu cha katuni kwa shilingi 300 kwa muuza vitabu vya mitumba wa kando ya barabara hapa Nairobi. Jalada linaonyesha Superman ameinua gari la kijani analibamiza kwenye mwamba, na juu pameandikwa Action Comics, No. 1, June 1938, bei senti 10 za Marekani. Ni kikubwa kiasi, karatasi zimekuwa za njano, na jalada linakaribia kuachana na pini. Ndani kuna matangazo ya zamani kabisa. Nimesoma mtandaoni kwamba nakala za toleo hili huuzwa mamilioni ya dola. Rafiki yangu anasema nichome ncha ya ukurasa kwa kiberiti nione kama ni karatasi ya zamani. Mke wangu anasema tukibandike selotepu kwanza kabla hakijaachana kabisa. Nifuate la nani?

JIBU: Usifuate la yeyote kati yao. Kiberiti kirudi jikoni, selotepu irudi kwenye droo, kisha nitafutie karatasi moja ya A4, ile ya kawaida ya kuchapia barua.

Ilaze juu ya kitabu. Kitabu cha katuni cha Marekani cha miaka ile kina upana wa kama sentimita 19 hadi 20 na urefu wa 26 na kitu. A4 ni 21 kwa 29.7, kwa hiyo inakifunika chote na kubaki. Kama kitabu chako kinachomoza pande zote, tena kwa sentimita kadhaa, kazi imeishia hapo: hicho ni cha mwaka 1974. Umesema mwenyewe ni "kikubwa kiasi", na neno hilo ndilo lililonifanya nianze na kupima ukubwa badala ya kioo cha kukuzia.

Kilichotokea 1974 ni hiki. Kampuni ya DC, yenye haki za Superman, ilichapa upya toleo la kwanza katika mfululizo ulioitwa Famous First Edition, kwa umbo kubwa la takriban sentimita 25 kwa 34, bei dola moja. Kwa nje walikivisha jalada nene lililotangaza wazi kuwa hii ni chapa mpya. Ndani ya hilo jalada wakaweka jalada la 1938 lilivyo, pamoja na tarehe yake na bei yake ya senti 10, likifuatiwa na kurasa zote, matangazo yakiwemo. Sasa ondoa lile jalada la nje. Lichanike lenyewe kwa uzee, au mtu alichane makusudi. Mkononi unabaki na kitu kinachosema "June 1938" bila kigugumizi. Nakala za namna hiyo zimewadanganya watu kwa miaka hamsini, na wengi waliodanganyika hawakuwa wajinga. Waliangalia kila kitu isipokuwa ukubwa.

Ndiyo maana matangazo ya zamani hayathibitishi lolote: yalipigwa picha pamoja na hadithi. Rangi ya njano nayo haithibitishi. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao iliyosagwa, na ndani yake hubaki ile gundi ya asili ya mti inayoitwa lignini. Ikipata mwanga na hewa inageuka njano, na asidi iliyomo kwenye karatasi inakatakata nyuzi polepole mpaka ukurasa unavunjika kama kaki. Karatasi ya 1974 imeshapitisha miaka hamsini ya ugonjwa huohuo. Mwenye nyumba ya Pwani aliyewahi kufungua sanduku lenye magazeti ya Mambo Leo ya mzee wake anaijua hali hiyo, harufu na vumbi lake la kahawia. Na kwa kuwa karatasi zote mbili ni mbao, kiberiti cha rafiki yako kingekupa majivu yaleyale.

Tuseme, kwa bahati ya mtende, A4 imekifunika. Bado usiruke. Zipo chapa nyingine za ukubwa wa kawaida. Mwaka 1976 ilitolewa ya matangazo ya sabuni yenye kurasa 16 tu. 1988 ikaja ya kuadhimisha miaka hamsini, bei senti 50. Mwaka 2000 nyingine yenye bei na alama zake za kisasa. Kwa hiyo hesabu kurasa. Cha 1938 kina kurasa 64 bila jalada, na hadithi ya Superman imechukua 13 tu za mwanzo. Zinazobaki ni za wengine, akiwemo mchawi Zatara na safari za Marco Polo. Kisha tafuta kisichostahili kuwepo: msimbo wa mistari, anwani ya mtandao, au ile nembo ya mviringo yenye herufi DC. Vyote hivyo vilikuja baadaye. Hata jina la Superman halimo kwenye jalada la asili. Wachapishaji walikuwa hawajajua bado ni nani atakayewauzia gazeti.

Kipimo kingine unaweza kukifanya dukani kwa wakala yeyote wa kutuma pesa mwenye taa ya zambarau ya kukagulia noti. Mwombe dakika moja. Karatasi nyingi zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1950 zimetiwa kemikali ya kung'arisha weupe, jamaa ya ile iliyomo kwenye sabuni ya unga, na chini ya taa hiyo huwaka buluu. Jalada au ukurasa ukiwaka hivyo, si wa 1938. Usipowaka, hujashinda, maana karatasi duni ya gazeti ya miaka yoyote huweza kukaa kimya.

Mwisho ni kioo cha kukuzia, hata cha fundi saa. Rangi za zamani zilitengenezwa kwa vidoti vidogo vilivyopangwa kwa safu. Chapa iliyopigwa picha kutoka kwenye chapa nyingine huonyesha vidoti vilivyovimba au kuzibana, na matundu ya herufi kama "a" na "e" yameziba wino. Hapa jicho lililozoea lina faida kuliko maelezo yangu.

Kuhusu mamilioni, hujasikia uongo. Nakala iliyopewa na wakaguzi alama 9.0 kati ya 10 kwa uzuri wa hali yake iliuzwa 2014 kwa zaidi ya dola milioni 3.2, na mwaka 2024 nyingine ya 8.5 ikafika milioni 6. Vilichapwa kama laki mbili, vikaanza kuuzwa Aprili 1938 (mwezi wa jaladani uliwekwa mbele makusudi, ili muuzaji ajue lini akiondoe mezani). Vilivyobaki vinakadiriwa kuwa mia moja hivi. Watoto walivisoma mpaka vikaisha, na vita vilipokuja, karatasi kuukuu zilikusanywa nyumba kwa nyumba Marekani na kurudishwa kiwandani. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana waliomtunga Superman, walilipwa dola 130 kwa kurasa zile 13, na haki zote zikaenda na malipo hayo. Hesabu hiyo huwa inaniudhi kila nikiisimulia.

Sasa selotepu ya shemeji. Gundi yake huyeyuka, ikapenya kwenye karatasi na kuacha doa la kahawia ambalo hata sisi wa kazi hii ya kutunza vitabu vya zamani hulitoa kwa shida, pengine halitoki. Kwenye nakala ya thamani, kila ulichobandika, ulichopaka rangi au ulichopiga pasi huandikwa na wakaguzi kama ukarabati, na bei hushuka. Niliwahi kuletewa komiki nzuri ya miaka ya 1960 ambayo mwenyewe aliipeleka ikafungwa kwa plastiki ya moto, kama watu wanavyofanya vyeti vya kuzaliwa. Alidhani ameihifadhi. Nilimrudishia bila kuigusa, kwa sababu hapakuwa na cha kugusa.

Hata kikiwa cha 1974, kinastahili kutunzwa, ingawa bila jalada lake la nje thamani yake ni ya dola kadhaa. Kiweke kwenye mfuko wa poliyesta safi, si ile plastiki laini yenye harufu, pamoja na kadibodi isiyo na asidi nyuma yake. Kilale bapa kabatini, mbali na dirisha na ukuta wa bafu. Pini zenye kutu usizing'oe.

Pima leo. Kikitoka 34 kwa 25, kaa na watoto mkisome. Kikitoka 26 kwa 19, piga picha za jalada mbele na nyuma na ukurasa wa katikati penye pini, rula ikionekana kando, unitumie kabla hujamwonyesha mnunuzi yeyote.