Jane Grey, malkia wa siku 9

Umeuliza kwa nini Jane Grey alikalia kiti cha enzi cha Uingereza siku 9 tu mwaka 1553. Kiini chake ni dini. Mfalme Edward VI, Mprotestanti wa miaka 15 aliyekuwa mahututi, hakutaka Mary, dada yake kwa baba na Mkatoliki, amrithi. Alimtaka Jane, ndugu yake wa ukoo na Mprotestanti mwenzake. Aliandika waraka wa urithi kwa mkono wake: kwanza "watoto wa kiume wa Jane", kisha akasahihisha ikasomeka "Jane na watoto wake wa kiume". Maneno machache tu hayo yakamfanya Jane malkia! Lakini sheria ya Bunge ya 1544 ilikuwa bado inamtambua Mary, na hata Waprotestanti wengi walimfuata yeye, hivyo akatwaa kiti cha enzi. Februari 1554 Jane akakatwa kichwa. Namhurumia sana binti yule, taji hakuliomba.