Shangazi, Kutolipiza Si Ndo Uoga?

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina miaka 27, nafanya kazi ofisini, na kuna mwenzangu kila kazi ninayoihangaikia yeye ndo anaipeleka kwa bosi kama yake, halafu kwenye kikao nikifungua mdomo ananikatisha na kunicheka mbele za watu. Mwaka huu nimesoma sana habari za Martin Luther King, yule mchungaji aliyepigania haki za watu weusi Marekani bila vurugu, nikajiapiza na mimi nitaishi kama yeye, sitalipiza, nitampenda adui yangu. Basi nimenyamaza miezi mitatu sasa. Cha ajabu sijioni mwema hata kidogo, najiona mjinga, usiku silali namjibu kichwani mpaka kunakucha, na rafiki yangu ananiambia huo sio upendo ni uoga tu. Niendelee hivi hivi au nimpashe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Rafiki yako kasema kweli nusu. Ulichokifanya miezi mitatu hii sio alichokifanya King, manake King hakunyamaza, angekuwa wa kunyamaza nani angehangaika kumtia ndani kila leo? Mwezi wa 4 mwaka 1963 yuko jela Birmingham, Alabama, viongozi wa dini wanane, wazungu, wakatoa tamko kwamba maandamano ya watu weusi kupinga ubaguzi hayana busara na yamekuja wakati mbaya, na yeye akawajibu kwa barua ndefu akiwa humo humo jela. Kwenye barua hiyo anatofautisha amani mbili, kuna ile ambayo kelele tu ndo hazipo, na kuna ile ambayo haki ipo. Wewe umejipatia ile ya kwanza, ndo maana usiku hulali.

Barua hiyo hiyo inataja hatua nne: kukusanya ukweli wa jambo, kuzungumza na anayehusika, kujisafisha moyo, ndo baadae unachukua hatua yenyewe. Angalia wewe umeruka zote. Kwa hiyo leo jioni chukua daftari uandike tarehe, kazi gani, uliituma lini, yeye alisema nini na nani alikuwepo. Andika yaliyotokea tu, hasira zako ziache nje ya daftari. Halafu mfuate peke yake, sio mbele za watu kama anavyokufanyia wewe, umwambie jambo moja tu lenye tarehe na umuulize ilikuwaje. Akikupuuza unaenda kwa bosi na daftari lako, tena huyo mwenzio umwambie kabla kwamba unaenda.

Hapo kwenye kujisafisha ndo nataka tukae kidogo, manake watu wanapasoma kama mahubiri wakati ilikuwa ni mazoezi kabisa, ya jasho. Kule Nashville, mji mwingine wa Marekani, kabla ya wanafunzi weusi kwenda kukaa kwenye migahawa iliyowabagua mwaka 1960, mchungaji James Lawson aliwafundisha kwa kuigiza, mmoja anakaa kwenye kiti, wenzake wanamtukana, wanamsukuma, yeye anajifunza kutorusha ngumi. Na Birmingham waliojitolea walisaini kadi ya kuahidi kujizuia na vurugu ya ngumi, ya ulimi na ya moyo. Ya moyo mwanangu! Huko usiku unakomjibu mpaka asubuhi ndo huko.

Hata King mwenyewe hakuzaliwa anajua. Januari 30, 1956 nyumba yake Montgomery ilirushiwa bomu, mkewe Coretta na kichanga chao wako ndani, watu wakajaa nje wengine na silaha na yeye akasimama kwenye kibaraza kilichovunjika akawaomba warudi nyumbani bila kulipiza. Ila baada ya hapo aliomba kibali cha kubeba bastola, akanyimwa, ni baadae ndo aliamua silaha hazitaki kabisa nyumbani kwake. Huwa inanigusa sana hiyo, manake naona mtu anayejifunza huku bado anaogopa.

Mimi nilishadhulumiwa hela ya kazi, na kabla ya kwenda kuidai nilimkalisha mdogo wangu ajifanye yule mtu. Sentensi ya tatu tu nikawa nishapandisha sauti na kidole namnyooshea. Tulirudia mara nne, ya nne ndo niliweza kumaliza maneno yangu mikono ikiwa mapajani. Hela niliipata nusu tu, lakini usingizi niliupata wote. Na wewe huyo rafiki yako anayekuita muoga mpe kazi hiyo, akae akukatishe na akucheke, wewe uendelee kuongea.

SWALI: Shangazi, mimi sionewi ila namuona mwenzangu kazini anaonewa. Nifanyeje, na sio ugomvi wangu?

JIBU: Watu weusi wa Montgomery, huko huko Alabama, waligoma kupanda mabasi siku 381 kupinga ubaguzi, kuanzia Desemba 5, 1955. Tunamkumbuka Rosa Parks, yule mama aliyekamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi, na King, tena ni haki yao, lakini mgomo ule usingefika hata mwezi bila wenye magari. Yalikusanywa kama magari 300, watu wakawa wanabeba wenzao asubuhi kwenda kazini na jioni kuwarudisha, na kuna madereva waliokamatwa na polisi kwa visingizio vidogo vidogo. Wengi wa hao wenye magari walikuwa na usafiri wao, mabasi yale hawakuyategemea kihivyo.

Wewe gari lako ni kwamba ulikuwepo kwenye kile kikao ukasikia. Akikatishwa tena, sema tu "samahani, alikuwa hajamaliza", halafu nyamaza umuachie aongee mwenyewe. Baada ya kikao mfuate umwambie nimeona, na kama anaandika mahali mwambie aandike na jina lako. Na siku akienda kwa bosi, nenda nae.