Re: Nimechomeka RAM ya 1750 kwenye Commodore 64 lakini bado inaniandikia 38911, imekufa?

Mkuu usimdai aliyekuuzia hela yako, haijafika huko, hiyo 38911 (baiti ambazo mashine inakuambia ziko wazi ikiwaka) ungeiona hata ungechomeka 16MB. Mimi nipo Ujerumani, huku hizi Commodore 64 (kompyuta za nyumbani za miaka ya 80) kwenye masoko ya mitumba zipo za kutosha (kiwanda chao kimoja kilikuwa Braunschweig), na 1764 ambayo ni mdogo wake na hiyo yako naitumia mpaka leo, kwa hiyo nakujibu kwa ninachokiona mezani kwangu.

Ujue prosesa ya 6510 mwisho wake wa kuhesabu anwani ni 65536, basi. BASIC (lugha ya programu iliyomo ndani ya mashine) ikiwaka inaangalia hiyo 64K ya ndani tu, inatoa sehemu ya ROM na skrini na mambo yake mengine, inayobaki ndo hiyo 38911. Hicho kiboksi chako cha 1750 hakijiungi na hiyo 64K kama unavyoongeza RAM kwenye laptop, kinakaa pembeni kama stoo ya duka, mteja haingii stoo ila mzigo unatolewa unapangwa kwenye shelfu ndo unauzwa. Mbebaji wa huo mzigo ni chipu ya REC iliyomo ndani ya kiboksi chenyewe, we unaiambia toa kuanzia hapa peleka kule baiti kadhaa, yenyewe inaisimamisha prosesa kidogo afu inahamisha baiti moja kila mpigo wa saa ya mashine. Kwa mashine ya PAL (zile za mfumo wa TV wa Ulaya) hiyo ni karibu baiti milioni moja kwa sekunde. Sasa linganisha na drive ya flopi ya 1541 ambayo kwa mwendo wake wa kawaida inatoa kama baiti 400 kwa sekunde, yani 64K nzima kwa flopi ni karibu dakika tatu unaangalia taa nyekundu tu, kwa hiki kiboksi hata robo sekunde haifiki. Hapo ndo ilipo faida yake, sio kwenye ile 38911.

Kujua kama kizima, anza na hii (POKE inaandika namba kwenye anwani, PEEK inaisoma):

POKE57092,55:PRINT PEEK(57092)

Ikikurudishia 55 basi REC inakusikia. Ikileta namba za ajabu ajabu, zima mashine, safisha meno ya katriji kwa spiriti na pamba, chomeka tena. Na tafadhali usichomeke wala kuchomoa mashine ikiwa inawaka, hiyo ndo njia rahisi kuliko zote ya kuua REC, na kuipata nyingine ni shughuli.

Ikipita, andika hii:

10 POKE57090,0:POKE57091,4:POKE57092,0:POKE57093,0
20 POKE57094,0:POKE57095,232:POKE57096,3:POKE57089,144

Piga RUN. Hapo umechukua baiti 1000 za skrini (inaanzia 1024) ukazipeleka stoo. Chafua skrini, piga LIST mara kadhaa mpaka maandishi ya mwanzo yapotee, afu badilisha 144 iwe 145 upige RUN tena, skrini ya zamani inarudi paap bila hata kuiona ikichorwa. 144 ni kupeleka, 145 kurudisha, 146 kubadilishana. Namba zote lazima uziandike upya kila mara kwa sababu REC ikimaliza kazi anwani zinakuwa zimesogea mbele. Pale kwenye 57094 jaribu 0 mpaka 7, hizo ni benki nane za 64K ndo jumla 512K yako. Benki inayorudisha takataka ina chipu mbovu.

Sasa kabla hujafanya hayo yote, adapta. Hapa naomba unisikilize vizuri. Viboksi vya 1700 na 1750 vilitengenezwa kwa ajili ya Commodore 128 ambayo umeme wake una nguvu, ndo maana 1764 ya wenye 64 iliuzwa na adapta yake nzito kabisa. Ile adapta nyeusi ya zamani ya 64, ile iliyojazwa gundi ndani kama tofali, kwanza haitoshi kubeba huo mzigo na pili ikizeeka tabia yake ni mbaya, haifi kistaarabu, ile laini ya 5V inapanda juu na kinachoungua ni RAM za mashine sio adapta. Pima kwa mita ya fundi, ikizidi 5.25V iweke pembeni usiiguse tena. Nunua mpya zinazotengenezwa siku hizi, ya Ulaya ni 230V kwa hiyo kwa hapo Bongo umeme unaendana, ila plagi huenda ikahitaji kigeuzi. Mimi ningenunua adapta kwanza hata kabla ya hicho kiboksi.

Kuhusu matumizi, nisikudanganye, gemu za enzi zile karibu zote hazikijui, watengenezaji waliandikia 64K kwa sababu kila mtu alikuwa nayo. Panapolipa ni GEOS, ule mfumo wa madirisha na mausi wa Commodore 64. Unakifanya kuwa drive, unakopia faili zako humo, na kufungua programu kunaacha kuwa adhabu, binafsi bila RAM ya nyongeza GEOS siigusi. Ila umeme ukikatika kila kitu kimekwenda, reset haifuti lakini kuzima kunafuta, kwa hiyo kila ukimaliza rudisha kazi kwenye flopi. Gemu za siku hizi zinazokitaka zipo chache, ile Sonic ya 2021 haiwaki bila 256K.

Halafu tundu la katriji ni moja tu na hiki kiboksi hakina sehemu ya kuchomekea kingine nyuma yake, ukitaka na katriji ya kuharakisha flopi itabidi utafute bodi ya kugawa. Wengine wanaosoma hapa na hawajanunua bado, pakueni VICE (programu ya kuiga Commodore 64) kwenye kompyuta, ni bure, ina REU (ndo hivi viboksi vya RAM) humo humo kwenye setting, mchezee kwanza. Na kama hela ipo, 1541 Ultimate-II, katriji ya kisasa, inaiga RAM ya nyongeza mpaka 16MB na inakuwa drive pia, kwa matumizi ya kila siku ni bora kuliko 1750 ya bei ya wakusanyaji.

Piga hiyo ya 55 afu tupia hapa namba uliyopata, na andika na adapta yako inasoma volti ngapi.