Ukianza One Piece, usiiruke Merry

Kila wikiendi kuna kijana ananiuliza hii One Piece, katuni ya Kijapani ya maharamia, aanzie wapi, maana ameona episodi zishapita 1000 akachoka kabla hajaanza, na wengi washaambiwa na wenzao waruke tu mwanzo waende moja kwa moja kwenye vita vikubwa. Mimi nasema usiruke. Na sababu yangu ni chombo, yaani meli yao, Merry. (Kama hutaki kujua yanayotokea Water Seven, mji wa mafundi wa meli humo ndani, ishia hapa, urudi ukishafika.)

Mimi ni wa Lamu, babu yangu ni fundi wa majahazi Matondoni, utoto wangu wote ni harufu ya sifa, yale mafuta ya papa, na pamba za kalafati za kuzibia mbao. Kwahivyo nlipoanza kuangalia hii anime, yaani katuni ya video, sikua na haja sana na ngumi za Luffy, nahodha wao, mi nliangalia meli. Going Merry, kale kameli kadogo kenye kichwa cha kondoo omoni, yaani mbele. Luffy na wenzake wanapewa na msichana Kaya, kijijini kwao Usopp, mmoja wa mabaharia wake, na kuanzia hapo wanalala humo, wanapika humo, wanagombana humo, na kila wakipigwa mizinga Usopp anashika nyundo anaziba. Usopp si fundi, anaziba kwa mapenzi tu, na ukiwa na jicho utaona viraka vinazidi kadri safari inavyokwenda. Ukiruka hizo episodi za mwanzo hutaviona, utaona meli mbovu tu.

Alafu kuna ule usiku wa ukungu kule Skypiea, kisiwa cha angani. Usopp anasikia nyundo, anachungulia, kuna mtu anaitengeneza Merry peke yake, asubuhi meli imerudishwa umbo lake la zamani na hakuna mtu. Baadae sana ndio anaambiwa ni Klabautermann, roho inayokaa kwenye chombo kilichopendwa. Hii Oda, mtungaji wa One Piece, hakuitoa hewani, mabaharia wa kaskazini mwa Ulaya walikua na itikadi hio tangu zamani. Na mtu wa pwani haimshangazi, sisi majahazi yetu tunayatilia macho omoni yaone njia.

Sasa wanafika Water Seven na dhahabu zao, furaha tele, Merry itatengenezwa. Kaku, fundi wa hapo, anapanda kuikagua, anarudi na jibu: mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, umevunjika. Mimi nlisimamisha simu hapo hapo. Babu alikua barazani na kahawa yake, nkamkalia ubavuni nkamuonyesha, nkawa namtafsiria sabutaito moja moja. Hakusema haya ni makatuni ya watoto. Aliangalia kimya alafu akaniambia, ubao hutolewa ukatiwa mwengine, taruma, mbavu za chombo, hubadilishwa, mlingoti hubadilishwa, lakini mkuku ukivundika hapana chombo tena, ukiutia mwengine umeunda chombo chengine. Na dakika chache mbele Iceburg, mkuu wa mafundi, anamwambia Luffy maneno yale yale kasoro lugha! Nliona nywele zinasimama. Mtu yuko Japani anachora manga, katuni za kusoma, tangu 1997 na anajua anachokijua mzee wa Matondoni.

Ndio maana ule ugomvi wa Luffy na Usopp siwezi kuchukua upande. Luffy kama nahodha hawezi kuwatia watu wake kwenye chombo kitakachozama nao, na Usopp hawezi kuiacha, na kibaya zaidi kumbe yeye mwenyewe alikua ashajua kitambo. Nimeona wazee wakibishana hivyo hivyo juu ya mashua iliyolala ufukweni miaka.

Watu huniuliza pia nisome manga ama niangalie anime. Ushauri wangu, anza na anime, ya kuanzia 1999, kwa sababu ya sauti. Luffy anaigizwa na mama mmoja, Mayumi Tanaka, ni yeye tangu mwanzo mpaka leo, na ukifika episodi ya 312, Merry inapoungua baharini na theluji inashuka na meli yenyewe inaongea, ile sauti ya Luffy ikikatika akiomba msamaha hakuna karatasi inayoweza kukupa. Ukimaliza, usiende 313. Tafuta chapta ya 430 ya manga usome kitu hicho hicho kwa kimya, nyeusi na nyeupe, hapo utaona jinsi Oda alivyopanga kurasa na kwanini watu wa anime hawakua na haja ya kubadilisha kitu. Huko mbele, kuanzia sehemu ya Dressrosa hivi, anime inakokota, episodi moja chapta moja na saa nyingine haifiki, wakinyoosha ili wasiifikie manga, sasa ikikuchosha hamia kwenye manga bila kujilaumu. Lakini mpaka Water Seven vumilia. Mbili kwa usiku zatosha, na bando haliishi haraka.

Babu baada ya ule usiku wa baraza alitaka aione meli ilipotoka, tukarudi mwanzo kabisa. Saa hii tuko sehemu ya Arabasta, episodi mbili kila usiku baada ya isha, yeye anahesabu viraka. Habari ya mkuku anaijua. Kua Merry itakuja peke yake Enies Lobby, kisiwa cha baada ya Water Seven, kuwachukua, hio bado sijamwambia.