Kugeuza HiAce kuwa nyumba ya safari katika joto la Kusini

Kazi yangu ni kutengeneza mizani. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa, maghala ya vyama vya msingi vya ushirika, kutoka Nachingwea hadi Tandahimba kusini mwa Tanzania, huhitaji fundi aliye karibu, kwa maana mzani ukikwama asubuhi, wakulima na magunia yao husubiri nje ya ghala hadi jioni. Katika miezi hiyo hiyo nyumba za wageni za miji midogo hujaa wanunuzi, madereva wa malori na mawakala, na fundi anayefika saa mbili usiku huambiwa hakuna chumba. Ndiyo sababu niliamua kuigeuza HiAce iliyokuwa ikibeba abiria iwe karakana ndogo na mahali pa kulala. Siku hizi wanaoiona gari hiyo, wakiwemo vijana wanaotaka kuzunguka na biashara ya nguo kwenye magulio na wapiga picha wanaofuata sherehe, huniuliza waanzie wapi.

Jambo la kwanza ninalowaambia ni kwamba mafundisho mengi ya kazi hii yaliyopo mtandaoni yametoka nchi za baridi. Humo utaelekezwa namna ya kuziba kila tundu, kufunga hita na kuzuia joto lisitoke. Ukanda wa Lindi na Mtwara unadai kinyume chake: joto litoke, upepo upite, chumvi ya bahari isile bati, na uzito usizidi nguvu ya gari kwenye barabara za vumbi. Ukilishika hilo tangu mwanzo, nusu ya vitu unavyoshauriwa kununua hutavihitaji.

Kuhusu gari lenyewe sina maneno mengi. Chagua Toyota HiAce, na kama mfuko unaruhusu iwe yenye paa la juu, kwa sababu moja tu: kuanzia Kilwa Masoko hadi Masasi hutakosa fundi anayeijua wala duka lenye vipuri vyake. Injini za dizeli za zamani, yaani 3L na 5L, hazina mifumo mingi ya kompyuta, na fundi wa kijijini huzifungua bila vifaa vya ajabu. Unapolikagua gari, acha rangi inayong'aa, lala chini utazame fremu, sakafu karibu na magurudumu na kingo za milango. Gari lililofanya kazi miaka mingi pwani huwa na kutu huko kabla haijaonekana juu.

Ukishalinunua, ng'oa viti, tandika godoro sakafuni, kisha ulale humo kwa safari kadhaa kabla ya kumwita seremala. Hapo ndipo utakapojua usiku upepo unatoka upande gani na kichwa chako kikae wapi. Injini ya HiAce iko chini ya viti vya mbele, na baada ya safari ndefu eneo hilo hubaki na moto kwa saa kadhaa. Kwa hiyo upande wa kichwa uwe nyuma, karibu na mlango wa nyuma, na si nyuma ya dereva kama michoro mingi inavyoonyesha. Upana wa ndani ni karibu mita moja na nusu, hivyo mtu mzima hulala kwa urefu wa gari. Kitanda cha kukatiza kitamkunja magoti.

Sasa joto. Bati la paa linapochomwa na jua la Novemba kuanzia asubuhi, hugeuka chanzo cha joto kinachoendelea kukupikia hata baada ya magharibi. Hatua ya bei nafuu kuliko zote ni kupaka paa rangi nyeupe, na inayofuata ni kuweka chini ya bati, kabla ya dari, mkeka wa sponji ngumu isiyonyonya maji, wenye unene wa sentimita mbili hadi tatu. Usikubali sponji ya magodoro, kwa sababu hunyonya unyevu, nao unyevu ukikaa kati ya sponji na bati huzaa kutu usiyoiona. Hata hivyo, sponji hupunguza kasi ya joto kuingia tu. Kinacholitoa ni hewa inayopita. Hewa ya moto hupanda juu, hivyo panahitajika tundu juu ya paa lenye feni ya volti 12 inayovuta kwenda nje, na mahali pa chini pa kuingilia hewa ya nje, ama dirisha dogo la ubavuni au tundu la sakafuni, vyote vikiwa na wavu wa mbu uliokazwa kwa fremu. Feni isiyo na mahali pa kuvutia hewa mpya haifanyi kazi yoyote ila kumaliza betri. Tena wavu usiudharau, maana huku malaria ipo mwaka mzima. Mimi hutundika chandarua chenye dawa juu ya kitanda hata kama madirisha yote yana wavu.

Kuegesha nako kuna elimu yake. Kuanzia Aprili hivi hadi Septemba upepo wa kusi huvuma kutoka kusini mashariki, na baada ya Novemba kaskazi hushika zamu. Geuza mlango mkubwa wa ubavuni uelekee upepo, nawe utalala na feni ikizunguka polepole. Juu ya tambarare ya Makonde hali ni nyingine kabisa: Newala usiku wa Julai utatafuta blanketi, na hapo ndipo utakapofurahi kwamba matundu yako yanafungika.

Nikija kwenye uzito, msomaji anisamehe nikikaa hapa kidogo, maana ndiyo kazi yangu. Kila kilichoingia ndani ya gari langu kilipita kwanza juu ya mzani, nacho kikaandikwa. Bodi moja ya plaiwudi ya milimita 18, yenye urefu wa mita 2.44 na upana wa mita 1.22, huwa na karibu kilo 30. Ya milimita 12 huwa na karibu kilo 20. Seremala wa kwetu, kwa mapenzi yake mema, atataka kukutengenezea kabati la mninga lenye milango ya kuchonga. Mshukuru, kisha umwombe plaiwudi ya milimita 9 na 12 juu ya fremu ya aluminiamu. Mbao ngumu zina heshima yake, na mpingo wa misitu ya Kilwa una kazi yake kwa wachongaji wa Kimakonde, lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayopaswa kupanda na kushuka kila siku barabara ya Newala. Maji ni kilo moja kwa lita, hivyo madumu matatu ya lita 20 ni sawa na kumpakia mtu mzima mmoja.

Jumlisha vyote, ongeza abiria, mafuta na vifaa vya kazi, kisha linganisha na uzito wa juu ulioruhusiwa na mtengenezaji wa gari. Wapo mafundi watakaokuambia uongeze majani ya springi za nyuma na mambo yatakwisha. Springi zitabeba, lakini breki na tairi zitabaki zile zile. Panga vitu vizito, yaani betri, maji na sanduku la zana, chini kabisa na kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kisha upime upande wa kulia na wa kushoto. Gari lenye tangi la maji, jiko na kabati upande mmoja hulalia upande huo, nawe utaliona hilo kwenye tairi zinazolika kabla ya wakati wake.

Umeme ni sehemu ambayo watu hutumia fedha nyingi kwa kubahatisha, ilhali ni hesabu ya darasa la sita. Chukua friji ndogo ya volti 12 inayokula wati 45. Katika joto letu itafanya kazi karibu nusu ya siku, yaani saa 12, nayo ni wati-saa 540. Feni ya wati 20 kwa saa 10 ni 200. Taa za wati 10 kwa saa tano ni 50. Simu na kompyuta ndogo tuzipe 100. Jumla ni wati-saa 890 kwa siku. Paneli ya wati 200, ikipata jua kali la saa tano, haitakupa 1,000 kamili kama muuzaji anavyosema, kwa sababu kuna upotevu kwenye nyaya, kwenye kidhibiti chaji na hasa kwenye joto lenyewe: paneli nyingi hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja inayozidi 25, na juu ya paa la gari paneli hufikia nyuzi 60 kwa urahisi. Ukikadiria robo imepotea, utabaki na 750, nazo hazitoshi. Paneli za wati 300 zitakupa kama 1,100. Ziinue sentimita chache kutoka kwenye bati ili hewa ipite chini yake. Zitapoa, na wakati huo huo zitalitia paa kivuli.

Betri ya asidi ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa jina, lakini ukiishusha mara kwa mara hadi ikabaki na chaji chini ya nusu itakufa mapema, kwa hiyo hesabu 600. Zinatosha usiku mmoja. Siku mbili za mawingu mfululizo utaachana na friji. Ya lithiamu ya ukubwa huo huo inakuruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi na ni nyepesi sana, ila bei yake ni ya juu na haipendi kukaa karibu na injini. Vyovyote utakavyochagua, usiunganishe betri ya nyumba moja kwa moja na betri ya kuwashia gari. Weka rilei, yaani swichi ya umeme inayojiendesha, ya kuzitenganisha injini inapozimwa. Weka pia fyuzi karibu kabisa na betri, kabla waya haujaanza safari yake, na nunua waya mnene kuliko unavyodhani unahitaji.

Jiko la gesi la mtungi wa kilo sita linatosha. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni, na tundu la kuitoa lazima liwe chini ya mtungi, si juu. Mkaa usiwashe ndani ya gari hata kwa dakika tano, hata mvua iwe inanyesha vipi.

Kabla ya kutoboa au kukata chochote, nenda Mamlaka ya Mapato (TRA) na kadi ya gari ueleze unachotaka kubadilisha, kwa kuwa taarifa za gari zilizosajiliwa, zikiwemo rangi na idadi ya viti, zinapaswa kulingana na gari lililopo barabarani. Ijulishe na kampuni iliyokukatia bima. Kila tundu utakalotoboa, piga rangi kingo zake siku hiyo hiyo, na kila urudipo kutoka ufukweni Msimbati au Kilwa, oshea chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Mchanga wa Msimbati, kwa taarifa yako, haufai kwa HiAce isiyovuta magurudumu manne. Iache penye ardhi ngumu utembee.

Mahali pa kulala, usiegeshe kimya kimya pembeni mwa kijiji. Nenda kwa mwenyekiti au mtendaji kabla giza halijaingia, mpe shikamoo yake, eleza kazi yako na uombe pa kuegesha. Mara nyingi utaonyeshwa uwanja wa ofisi ya kijiji au wa ghala penye mlinzi, na choo kama nyongeza. Kwenye vijiji vya kando ya mto Ruvuma hili ni la lazima. Tangu vurugu za Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ulio ng'ambo ya mto, zianze mwaka 2017, na hasa baada ya shambulio la Oktoba 2020 katika kijiji cha Kitaya upande wetu wa Tanzania, mgeni anayelala ndani ya gari bila kujitambulisha huwatia watu hofu ya haki kabisa.

Kivuli cha mkorosho kinavutia, lakini huinyima paneli jua, na kati ya Juni na Agosti wakulima hupuliza salfa alfajiri kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho. Vumbi hilo hupita kwenye wavu wa mbu na kuchoma macho, basi uliza kwanza kama shamba linapulizwa kesho. Chini ya mnazi sina haja ya kusema.

Maji jaza kila unapoyapata, hasa Ndanda au Masasi kabla ya kupanda tambarare, kwa kuwa ardhi ya kichanga ya huko juu hunywa mvua yote na chemchemi hutokea chini ya miteremko. Kuanzia Desemba hadi Mei mimi hubeba chakula na maji ya siku tatu hata kwa safari ya mchana mmoja. Mei 2024, mvua za wakati wa Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi na Dar es Salaam eneo la Somanga, mabasi na malori yalikwama pande zote mbili, na katika foleni ya namna hiyo jiko, dumu la maji na kitanda havina bei.