Kutoka chuo hadi biashara yako: hesabu za kufanya kabla ya kusaka mtaji

Mkuu, umeuliza mambo mawili: umemaliza digrii na una wazo, je, uajiriwe kwanza au uanze moja kwa moja, na mtaji utoe wapi. Naanza na mtaji kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Kabla ya kuandika mchanganuo wa biashara wa kurasa arobaini wa kuombea mtaji, tafuta mtu aliye tayari kulipa. Ongea na watu 15 hadi 20 wenye tatizo unalotaka kulitatua. Usiwaulize kama wangenunua. Watakujibu ndiyo kwa adabu tu. Waulize mara ya mwisho tatizo lilipowapata walifanya nini, walilipa kiasi gani na walimlipa nani. Asiyewahi kutumia hata senti wala saa moja kulitatua hatanunua kwako. Anayekuunga mkono kwa maneno, mwombe malipo ya awali, hata kidogo. Hapo ndipo utajua.

Kuhusu ajira: kama huijui biashara hiyo kwa ndani, ajiriwa humo mwaka mmoja au miwili, hata nafasi ya chini. Ukiwa kule angalia makaratasi. Wasambazaji wanataka kulipwa baada ya siku ngapi? Nani hasa, upande wa mteja, anaidhinisha malipo? Mzigo kiasi gani unaharibika au kurudishwa? Unaweza pia kufanya vyote pamoja, kama Phil Knight, aliyemaliza shahada ya uzamili ya biashara Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1962. Mwaka 1964 yeye na Bill Bowerman, aliyekuwa kocha wake, walichanga dola 500 kila mmoja wakaanza kuuza viatu kutoka Japani, na kampuni hiyo ndiyo Nike ya leo. Kwa miaka kadhaa aliendelea na kazi ya uhasibu, kisha akafundisha, huku biashara ikikua pembeni. Uzuri wa njia hiyo ni wazi: mshahara unakulisha, kwa hiyo kila kinachoingia dukani kinarudi kwenye mzigo. Ila soma mkataba wako wa kazi kwanza, maana mingine inakataza kufanya biashara inayoshindana na mwajiri. Na kama wazo limetokana na utafiti wa chuoni, uliza kwa maandishi nani anamiliki haki zake. Vyuo vingi hudai umiliki wa kilichobuniwa kwa maabara au fedha zao, na mwekezaji atakuuliza hilo siku ya kwanza.

Sasa bei. Tuseme kipande kimoja kinakugharimu 80 na unauza 100. Unabaki na 20. Kodi ya jengo, umeme, usafiri na intaneti ni 3,000 kwa mwezi. Gawanya kwa 20, unahitaji kuuza vipande 150 ili usipate hasara. Wahitimu wengi huishia hapo na kusahau kujilipa. Weka mshahara wako, hata 1,000, na idadi inapanda hadi 200. Mteja akiomba punguzo la asilimia 10, unauza 90 na unabaki na 10. Punguzo linaonekana dogo, kumbe limekula nusu ya kilichokuwa chako, na sasa unahitaji vipande 400 kwa mwezi kufika palepale. Ndiyo maana ni heri kupunguza huduma au kiasi kuliko kupunguza bei.

Lakini kinachoua biashara changa mara nyingi si hasara, ni pesa kukwama njiani. Chukua mfano huohuo, uuze vipande 300 kwa mwezi: faida yako, ukishajilipa, ni 2,000. Mzigo unakaa stoo siku 30, mteja analipa baada ya siku 60, msambazaji anataka chake ndani ya siku 15. Jumlisha 30 na 60, toa 15: pesa yako iko nje siku 75, yaani miezi miwili na nusu. Mzigo wa mwezi ni 24,000, hivyo 60,000 imelala kwa watu muda wote. Oda zikiongezeka mara mbili utashangilia, ila utahitaji 60,000 nyingine, wakati faida yako ya sasa ingechukua miezi 30 kuifikisha. Vitabu vinaonyesha faida na huna pesa ya mishahara. Wengi hukimbilia mkopo wa riba kubwa hapo, na riba inamaliza ile 20 unayobaki nayo kwa kila kipande.

Dawa iko kwenye masharti ya malipo. Ukiagiza mzigo baada ya kupokea nusu ya bei, kila kipande kinakudai 30 badala ya 80, na ile 60,000 inashuka hadi 22,500. Tuma ankara siku ileile unayokabidhi mzigo, iwe na namba ya oda ya mteja, maana ikikosekana mhasibu wao ataiweka pembeni bila kukuambia. Piga simu wiki moja kabla ya tarehe ya kulipa, usisubiri ipite. Mteja mmoja akizidi theluthi ya mauzo yako, anza kutafuta wengine mapema. Kodi ya mauzo unayokusanya iwe kwenye akaunti tofauti na usiiguse, kwa sababu si yako.

Mkianza wawili, msigawane hisa nusu kwa nusu kwa kupeana mikono. Mwenzako akipata ajira nzuri baada ya miezi sita anaondoka na nusu ya kampuni, nawe unabaki kumfanyia kazi. Mfumo unaotumika sana ni hisa kukomaa ndani ya miaka minne, yaani kila mmoja anazipata kidogo kidogo kadiri anavyoendelea kufanya kazi kwenye kampuni: anayeondoka kabla ya mwaka mmoja hapati kitu, baada ya hapo zinakomaa kila mwezi. Andikeni pia nani ana neno la mwisho kwenye bei, kwenye kuajiri na kwenye mikopo, mkiwa bado mnapatana.

Ukishaongea na watu wako, weka hapa gharama ya kipande, bei, na siku zako za kulipa na kulipwa, tupige hesabu ya mtaji unaouhitaji kweli.