Barua kwa mwanangu: skafu na viazi

Mwanangu mpenzi,

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili. Ya pili nilikuwa nachambua mchele, nikacheka peke yangu. Kumbe mkamwana wangu na mama yake wamenuniana mezani kwa sababu ya picha ya watoto waliovaa skafu za mapayonia, ile jumuiya ya watoto ya chama tawala! Mama anasema zile kambi za likizo za Ujerumani Mashariki ya zamani, nchi ya kisoshalisti, ndizo siku tamu kuliko zote za utoto wake, binti anasema walikuwa wakilishwa siasa. Na wewe, kwa kuogopa kuwaudhi wakwe, umenitupia mimi mpira: "Mama, wewe ulikuwako, nani mkweli?"

Nilikuwako, ndiyo, lakini jikoni. Mwaka 1985 nilikuwa mwanafunzi Leipzig, mji wa huko huko, na kiangazi kikifika tulitafuta vibarua. Nikapata kwenye kambi ya kiwanda kimoja, kando ya ziwa, kaskazini ya Berlin. Wiki tatu za kumenya viazi. Kila siku nilimuuliza mpishi kama ndani ya sufuria mna nguruwe, na kila siku alinijibu "kidogo tu". Nilikula mayai mpaka nikayachukia.

Mkwe wako hasemi uongo. Skuli zao zilifungwa wiki nane, Julai na Agosti, na akina mama karibu wote walikuwa kazini. Nani akae na watoto? Sisi tungewapeleka shamba kwa bibi. Kule bibi alikuwa kiwanda. Kilikuwa na kambi yake, kikiwachukua watoto wa wafanyakazi wake kwa mabasi, na mzazi wa kambi yetu alilipa marka 12 kwa wiki zote tatu, kulala na kula humo humo. Viongozi wa makundi walikuwa wanafunzi wa ualimu au mafundi wa kiwandani waliopewa ruhusa. Mmoja wao alikuwa na mikono yenye weusi wa mafuta usiotoka hata kwa sabuni, na watoto walimganda kama kupe.

Na raha ilikuwepo, tena ya kelele. Kulikuwa na siku ya Neptun: mtu mzima anajivika ndevu za majani, anatoka ziwani na mkuki wake kama mfalme wa bahari, wasaidizi wake wanawakimbiza watoto, wanawapaka uchafu, wanawatosa majini, halafu kila mmoja anapewa jina jipya la kisamaki. Ule uchafu niliukoroga mimi: haradali, siki, na uji uliolala. Kulikuwa na matembezi ya usiku msituni, na kupakana dawa ya meno usingizini. Wengi walilia siku ya kuondoka. Mtoto hafundishwi kulia vile.

Lakini na mkamwana wangu hakosei, ingawa alizaliwa ukuta wa Berlin umeshaanguka na mengi ameyasikia skuli. Asubuhi filimbi, mstari, bendera. Wadogo skafu ya buluu, kuanzia darasa la nne nyekundu. Kiongozi anaita "Kuweni tayari!" na wote wanaitikia "Tayari daima!" Kulikuwa na bunduki za upepo za kulengea shabaha, na michezo ya msituni ambayo ndani yake lazima awepo adui. Kulikuwa na mchango wa kuisaidia Nicaragua, wenzao wa mapinduzi. Nisikufiche, mimi sikuona ajabu. Nimekulia Kikwajuni, Unguja, pembeni ya majumba yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani hao hao, na vijana wa ASP, chama chetu tawala cha wakati ule, nao walikuwa na mapayonia wao, wenye skafu na gwaride. Nilipouona mstari ule niliona kama nimefika nyumbani, baridi tu ndiyo iliyozidi.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijapata kumwambia mtu, hata marehemu baba yako. Kambi ilipokea watoto wa wafanyakazi wote, mapayonia na wasio mapayonia. Alikuwamo kijana wa miaka 11 hivi, kwao watu wa kanisa, hakuwa na skafu. Kila filimbi ya asubuhi ikilia, yule fundi wa mikono myeusi humwambia: "Nenda kamsaidie Mwafrika viazi." Anakuja, anakaa juu ya kreti, anamenya vizuri kuniliko mimi. Huko nje wenzake wanaimba. Bendera ikishapanda, anaitwa, anarudi kucheza nao kama hapana kitu. Fundi yule alikuwa mtu mwema. Kama alikuwa akimsitiri mtoto au akiusafisha mstari wake, nimelifikiria miaka yote hii.

Siku moja kijana akaniuliza kuhusu bahari yetu. Rangi yake, papa wake. Kisha akauliza: "Kwenu mnaruhusiwa kuogelea mpaka wapi?" Nikacheka, nikamwambia mpaka uchoke. Kisu chake kikasimama. Baadaye ndipo nikajua kwamba huko kaskazini kwenye bahari yao ya Baltiki walinzi wa mpaka walikuwa wakilinda ufukwe, na hata godoro la upepo lilikatazwa majini, mtu asije akaelea akatorokea nchi za watu. Akaniangalia kidogo, akachukua kiazi kingine.

Kwa hiyo usimwambie yeyote kwamba mama yako amehukumu. Siku ukiwa na mkwe wako wawili tu, mnakosha vyombo, muulize kwa adabu: katika kundi lenu nani hakuwa na skafu, na asubuhi alikuwa akipelekwa wapi? Kisha nyamaza, umwache akumbuke.

Karafuu na mdalasini nimempa mtoto wa Bi Mkubwa, anasafiri Ijumaa inshallah. Nibusie mjukuu wangu.

Mama yako